Umemaliza kusomea farasi? Anzia kwenye toroli, si kwenye tandiko

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia. Amemaliza masomo ya kupanda na kutunza farasi, cheti anacho, vizuizi anaruka vizuri, lakini barua zake za kuomba kazi hazijibiwi. Anauliza aongeze cheti gani cha upandaji.

Asiongeze chochote. Wapandaji wazuri wapo wengi. Anayetafutwa ni mtu ambaye mwenye farasi anaweza kumwachia banda zima Jumamosi usiku akalala bila wasiwasi. Mtu huyo ni saisi, yaani mtunza farasi wa bandani. Inaniuma kwamba hadi leo saisi mwenye mvi bado anaitwa "kijana" na watu ambao bila yeye farasi wao wangekufa. Kama umesoma na bado unaona kazi hiyo ni ya chini yako, tafuta fani nyingine mapema.

Soko lenyewe ni dogo. Kenya kuna mbio za Ngong, mashamba ya kuzalisha farasi ya Bonde la Ufa, shule za kupanda za Karen na Langata, polo ya Gilgil, na safari za watalii wanaopanda farasi. Tanzania kuna safari kama hizo upande wa Arusha, na polisi wana kikosi chao cha mbwa na farasi. Wakufunzi wanajuana wote, kwa hiyo siku yako ya kwanza ya majaribio itasimuliwa mbali kuliko unavyodhani.

Siku hiyo, kabla hujashika uma na toroli, simama mlangoni uangalie. Hesabu marundo ya kinyesi. Farasi mzima hunya mara nane au zaidi kwa siku, kwa hiyo ukikuta rundo moja tu tangu jana jioni, hiyo ni habari ya kumpelekea mkuu wa banda kabla hujafagia ushahidi wote. Tazama ndoo: farasi hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na ndoo iliyojaa asubuhi si jambo la kufurahia. Je, amebakiza nyasi? Maranda ya mbao anayolalia yamechimbuliwa kana kwamba alikuwa akigaagaa? Kisha pitisha kiganja kwenye miguu yote minne ukitafuta joto au uvimbe, na uchokoe kwato kuanzia kisigino kuelekea ncha ya mbele, kamwe si kinyume, maana chuma kikiteleza kitaingia kwenye ile pembetatu laini ya katikati. Pembetatu hiyo ikinuka uozo na kutoa uchafu mweusi, maranda yana unyevu mwingi na yabadilishwe.

Namba hizi zikae kichwani: joto la mwili 37.5 hadi 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, farasi akiwa ametulia. Mapigo yanapimwa chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya mfupa. Wapime farasi wako wakiwa wazima, maana kila mmoja ana kawaida yake, na daktari akipigiwa simu usiku hilo ndilo la kwanza atakalouliza.

Farasi hawezi kutapika, na ndiyo maana tumbo linamuua haraka. Akigeuka kutazama ubavu wake, akiparura chini kwa mguu, akilala na kuinuka mara kwa mara, ondoa chakula, pima mapigo, piga simu. Yakipita 60, usisubiri kuona kama atatulia. Usimpe dawa ya maumivu kabla daktari hajasema, kwa sababu itaficha dalili anazozihitaji kuamua kama ni maumivu ya gesi tu au utumbo uliojisokota.

Chakula hakipimwi kwa kukisia. Pima mzunguko wa kifua kwa utepe nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka nchani mwa bega hadi nchani mwa tako, vyote kwa sentimita. Kifua mara kifua, mara urefu, gawa kwa 11,880, unapata kilo. Kifua 180 na urefu 160 ni kama kilo 436. Asilimia 2 ya uzito huo ni karibu kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, na usishuke chini ya asilimia 1.5 bila ushauri wa daktari. Tundika mizani ya ndoano stoo, upime kila wavu wa nyasi. Ukibadilisha chakula, fanya hivyo kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Kosa la kawaida ni gunia jipya kufunguliwa Ijumaa na wote kupewa kipimo kizima.

Ukishaimudu kazi ya banda, ndipo uongeze ujuzi wa pili. Mimi ningechagua kwato au afya ya mifugo. Farasi huhitaji fundi wa kwato kila wiki 4 hadi 6, na mafundi ni wachache. Uingereza, tangu sheria ya 1975, asiyesajiliwa haruhusiwi kupigilia farasi viatu. Kenya, sheria ya 2011 inataka anayetibu wanyama asajiliwe na bodi ya matabibu wa mifugo, kwa hiyo kozi ya AHITI Kabete, chuo cha afya ya mifugo, ina thamani kuliko nishani ya kuruka vizuizi.

Wala usidharau punda. Lamu kuna kliniki ya punda tangu 1987, na mikono inayojua farasi inatakiwa huko pia. Kumbuka tu kwamba punda huficha maumivu: akiinamisha kichwa na kuacha kula kwa siku moja, tayari ni mgonjwa sana.

Ughaibuni, hasa Ghuba, kazi zipo, lakini soma mkataba kabla ya kupanda ndege. Katika Falme za Kiarabu, mtunza farasi wa mtu binafsi anaweza kusajiliwa kama mfanyakazi wa nyumbani, na haki zake zikafuata sheria ya wafanyakazi hao. Kwa Wakenya, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Pasipoti ibaki kwako.

Sasa kuhusu zile barua. Futa aya inayosema unapenda farasi tangu utotoni. Andika umehudumia farasi wangapi kwa siku, wa aina gani, nani alikuwa akipanga chakula chao, na kama unaweza kuchoma sindano, kufunga bendeji na kumpakia farasi mkaidi kwenye lori. Chini weka namba ya daktari wa mifugo aliyekuona ukifanya kazi, baada ya kumwomba ruhusa.