AXA au BXA kwa mashine ya kukereza ya inchi 12?

Ndugu, AXA na BXA ni saizi za nguzo ya kushikia visu, ile ya kubadilisha visu haraka. Kwa inchi 12, yaani kipenyo kikubwa zaidi cha chuma kinachoweza kuzungushwa kwenye mashine, saizi zote mbili zinaingia: AXA hufikia hapo, BXA ni ya kama inchi 10 hadi 15. Usinunue kwa jina. Pima kutoka uso wa meza ndogo ya juu, pale nguzo inapokaa, hadi usawa wa ncha ya senta, yaani mhimili ambao chuma huzungukia. Kisu kikiwa kinene mno, ncha yake itabaki juu ya senta hata ukishusha kishikio cha kisu kwenye nguzo mpaka mwisho. Itasugua chuma badala ya kukata. Kama vipimo vinaruhusu, mimi ningechukua BXA inayobana kishikio kwa kabari, maana inabana imara na hupokea visu vya inchi 5/8. Kwenye kukata kipande ili kitengane na chuma kilichobaki, usawa wa senta ni muhimu zaidi: kisu kikiwa chini, chuma kinachokerezwa kinaweza kukipanda na kukivunja.

Na tafadhali, glavu vua kabla ya kuwasha. Mikono mirefu ikunje juu ya kiwiko. Ule ufunguo wa kukazia taya zinazoshika chuma usiuachie mkono ukiwa bado umechomekwa, hata sekunde moja. Vyuma vinavyojisokota vivute kwa ndoano, mashine ikiwa imesimama.