Msiniulize urafiki, niulizeni koti la memsaab

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, mtu mweusi na mzungu waliweza kuwa marafiki wa kweli enzi za ukoloni hapa Kenya?", limenikera, tena sana. Jibu langu la haraka ni hapana. Urafiki ni wa watu wawili ambao kila mmoja ana uwezo wa kusema sitaki. Baba yangu aliyekuwa mpishi kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro, shamba la ngano na pareto, angemwambia nani sitaki? Babu naye alitembea na kipande, kile kitambulisho cha kazi cha mtu mweusi, kikining'inia shingoni ndani ya kikebe cha bati. Skwota, yaani Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mzungu, alimtumikia mzungu siku 180 au zaidi kwa mwaka ili mbuzi wake wapate pa kulisha, na ardhi ile ya nyanda za juu hangeuziwa hata angekuja na gunia la pesa. Shule ya mzungu kivyake, ya Mhindi kivyake, yetu kivyake. Haya mnayajua, sina haja ya kuyarefusha.

Ila kila nikilifikiria swali lenu, linalonijia ni jambo jingine kabisa: usiku mmoja wa mwaka 1955, nilipokuwa bado sijaanza shule.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na Mau Mau. Skwota wengi wa Kikuyu walikuwa wamepakiwa kwenye malori wakarudishwa kwao, na baba akaja kutoka Maragoli, huko magharibi, kushika kazi. Mama alishikwa na uchungu tangu asubuhi. Usiku ulipoingia mkunga wa pale laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, akasema mtoto amekaa vibaya, hawezi. Ikabidi baba aende nyumba kubwa. Sasa, kwenda kwa mzungu usiku mwaka ule ni kutafuta risasi. Baba alisimama mbali na jikoni, akainua kandili mpaka usawa wa uso wake, akaanza kuita jina lake mwenyewe. Aliliita mara nyingi. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika shati lake, maana nilikataa kubaki.

Memsaab, mke wa yule mzungu, alitoka na bastola mkononi. Bwana alikuwa doria na polisi wa akiba. Alisikiliza, hakuuliza la pili, akaenda kuleta Land Rover mwenyewe. Mama alipobebwa, memsaab akatazama kile kibati kitupu cha nyuma, akavua koti lake, la sufu, la kijivu, lenye vifungo vikubwa, akalitandika. Mama akalazwa juu yake. Baba akakipakata kichwa chake, mimi nikashika taa. Njia nzima yule mama wa kizungu alikuwa akipiga kelele bila kugeuka, kwa kile Kiswahili chao: "Hapana lia! Ngoja kidogo! Karibu fika!" Penye kizuizi askari walimulika uso wake, wakainua mti bila neno.

Tulipoingia Nakuru tulipita mbele ya hospitali ya wazungu. Naliona lango lake hata sasa: taa za umeme, maua kando, mlinzi amekaa kwenye kiti. Memsaab hakupunguza mwendo, wala baba hakumwomba apunguze. Tukapita, mama anaugua, tukaenda mpaka hospitali yetu, ambako wagonjwa walilala wawili wawili kitandani na wengine chini. Ndugu yangu alizaliwa alfajiri, akiwa hai. Memsaab alilala ndani ya gari mpaka kukapambazuka.

Mtasema angegeuka angefukuzwa langoni. Kweli, angefukuzwa. Lakini hakuna aliyemwambia asijaribu. Hakukuwa na polisi barabarani wala kibao. Hata sisi, na mama yetu anakaribia kufa, tulilitazama lile lango kama mtu anavyotazama mlima. Mimi sijui mnataka kuuweka urafiki wapi hapo.

Kisha koti. Baba aliliosha, akalirudisha likiwa limekunjwa. Memsaab akasema, "Kaa nayo." Kwetu nyumbani maneno hayo mawili yalijadiliwa miaka. Baba alisema mzungu havai kilicholaliwa na mtu mweusi, basi. Mama alisema alipewa, na alilivaa kanisani mpaka pindo likaisha. Mimi nilikuwa upande wa baba, na nilizidi kusimama huko mwaka 1960, mzungu Peter Poole aliponyongwa kwa kumpiga risasi mtumishi wa nyumbani, Kamawe Musunge, kisa Kamawe kuwarushia mawe mbwa wa Poole. Wazungu wengi walimwombea msamaha. Baba alikuwa akitandika meza ya chai memsaab na wageni wake walipokuwa wakimwonea huruma "kijana yule", na hawakumaanisha Kamawe.

Nilidhani nikifika hapa nitakuwa nimemaliza, jibu ni hapana. Lakini naandika huku nakumbuka kwamba mwanamke yule alikuwa peke yake nyumbani, usiku, mwaka ambao wenzake walikuwa hawafungulii mtu mlango, akamfungulia mpishi. Na mama, aliyeumwa kuliko sisi wote usiku ule, alimwita "rafiki yangu" mpaka anaingia kaburini. Mimi niliyeshika taa nimkatalie kwa haki gani?

Basi kutoka kwetu andikeni ndiyo moja, ya mama. Msiichapishe bila habari ya lile lango. Na msihesabu kuwa ni ya nyumba nzima, kwa sababu baba alisema hapana na hakubadilisha, na ndugu yangu aliyezaliwa usiku ule nimempigia simu jana kumuuliza, akaniambia yeye hana maoni, alikuwa hajazaliwa.