Ukienda York, Anza na Ukuta

Mara ya kwanza nilipokwenda York, mji wa kale wa kaskazini mwa England, nilifanya kosa ambalo hadi leo nawaona wageni wengi wakilifanya. Nilishuka kwenye treni kutoka Leeds, mji niliokuwa nikisoma wakati huo, saa sita mchana, Jumamosi ya mwezi wa Agosti, nikafuata mkondo wa watu mpaka katikati ya mji, nikapanga foleni mbili ndefu, nikasukumana na umati katika mtaa wa Shambles, nikapiga picha ambazo ndani yake visogo vya watu ni vingi kuliko majumba, kisha nikarudi nyumbani nimechoka na sijui hata mji wenyewe umekaaje. Ukuta wa kale unaouzunguka mji niliupita kwa chini tu, nikidhani ni pambo. Mara ya pili nilikwenda na mama mdogo, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, na kwa kuwa magoti yake hayakuwa ya kukimbizana na umati, ilinibidi nipange safari kwa utulivu. Siku hiyo ndiyo niliyoifahamu York, na ushauri wangu wote unatokana nayo: anza na ukuta, tena asubuhi, na mengine yafuate nyuma yake.

Kabla ya kupanda, yafaa ujue lugha ya mji. Nilipomwambia mama mdogo kwamba tungeanzia Bootham Bar, alisimama katikati ya njia akaniuliza, “Mwanangu, mimi na baa wapi na wapi?” Ilinichukua muda kumweleza kwamba katika York neno bar ni lango la mji, na kwamba jina la mtaa likiishia na gate, kama Coppergate au Micklegate, usitafute lango hapo, kwa maana neno hilo limetokana na lugha ya Waviking na maana yake ni njia. Waviking waliuteka mji huu mwaka 866 wakauita Jorvik, na ingawa utawala wao uliondoka zamani, majina ya mitaa waliyaacha. Baa zenyewe zipo, tena nyingi, ila huko huitwa kwa jina jingine.

Ukuta una urefu wa kilomita 3.4 hivi, na hakuna mji mwingine wa England wenye ukuta mrefu kiasi hicho uliosalia kutoka zama za kati. Kuupanda ni bure. Ngazi hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa giza linapoanza kuingia, jambo ambalo mtu wa kwetu, aliyezoea jua kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, hulisahau kwa urahisi: mwezi wa Desemba jua la York huzama kabla ya saa kumi alasiri, na siku za barafu na theluji ukuta haufunguliwi kabisa kwa sababu mawe huteleza. Sehemu kubwa ya unachokikanyaga ilijengwa karne ya 13 na ya 14 kwa mawe meupe ya chokaa, juu ya tuta la udongo lililofukia ukuta wa Warumi, ambao ndio waliouanzisha mji huu kama ngome ya jeshi mwaka 71. Mwaka 1800 wakuu wa mji wenyewe waliomba ruhusa ya kuubomoa, wakiona kwamba ni gofu linalobana njia, na vipande kadhaa vilibomolewa kweli kabla wapinzani hawajafanikiwa kuuokoa uliobaki.

Kama una saa mbili na miguu mizima, zunguka wote. Kama huna, tembea kipande kimoja tu, cha kutoka Bootham Bar hadi Monk Bar, ambacho sisi tulikimaliza kwa nusu saa pamoja na mapumziko. Hapo ukuta unapita nyuma ya kanisa kuu, York Minster, na upande wako wa ndani unaziona bustani ambazo aliye chini mtaani hawezi kuziona, na juu ya miti yake minara mitatu ya kanisa inageuka taratibu kadiri unavyotembea, hivi kwamba baada ya kona moja unalijua umbo lake kuliko yule aliyesimama mlangoni kwa saa nzima. Tulikwenda mwezi wa Aprili, na miteremko ya tuta ilikuwa imejaa maua ya njano ya masika yao. Angalia tu hatua zako, kwani sehemu nyingi upande wa ndani hazina uzio, njia ni nyembamba, na mkikutana na kundi linalotoka upande wa pili lazima mmoja asimame kando. Kwa mwenye watoto wadogo ningesema awashike mkono tangu ngazi ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa mwenye kiti cha magurudumu njia ya juu haipo. Malango hata hivyo yanatazamika vizuri kutoka chini.

Kwenye Monk Bar, lango refu kuliko yote, inua macho. Juu kabisa wamesimama wanaume wa mawe wakiwa wamenyanyua mabonge kama wanaotaka kukuponda. Mama mdogo aliwatazama, akavuta mtandio wake kichwani, akapita chini yao kwa haraka kidogo.

Jambo ambalo ramani nyingi za watalii hazilielezi vizuri ni kwamba ukuta haukamiliki. Ukitoka Monk Bar ukaendelea, utafika Layerthorpe na utashushwa barabarani, na wengi hapo hudhani wamepotea. Hujapotea. Sehemu hiyo haikuwahi kuwa na ukuta, kwa sababu mto Foss ulikuwa umezuiwa ukafanya ziwa na kinamasi kikubwa, na adui asingeweza kukivuka. Fuata mto mpaka utakapouona mnara mdogo wa matofali mekundu, Red Tower, na ukuta utaanza tena. Mbele yake ni Walmgate Bar, ambalo kwangu ndilo lango bora kuliko yote ingawa liko mbali na makundi ya watu. Ni lango pekee la mji nchini England ambalo bado lina ua wake wa mbele wa kujihami, yaani kuta mbili zinazotokeza nje ili adui akiingia abanwe katikati apigwe kutoka juu. Milango yake ya mwaloni bado ipo, na ukigeuka nyuma, kwa upande wa ndani, utaona kibanda cha mbao kilichojengwa juu ya nguzo, kimeng’ang’ania lango kama kiota.

Kwa msomaji Mwislamu, msikiti wa York uko Bull Lane, mwendo mfupi nje ya lango hili. Ni msikiti huo ambao mwaka 2013, waandamanaji wa kundi linalopinga Uislamu walipotangaza kufika mlangoni, waumini waliwatolea chai na biskuti, na siku hiyo ikaishia kwa watu kucheza mpira pamoja. Tuliswali hapo adhuhuri.

Baada ya ukuta, ndipo uingie ndani. Minster hulipiwa kiingilio na si kidogo, lakini nakishauri kwa sababu ya dirisha moja tu: lile kubwa la mashariki, lililochorwa na fundi John Thornton kati ya mwaka 1405 na 1408, lenye vioo vya rangi vinavyosimulia mwanzo wa dunia juu na mwisho wake chini, kwa ukubwa unaokaribia uwanja wa tenisi. Kaa kwenye kiti, usilitazame kwa simu. Mwenye bajeti ndogo anaweza kuhudhuria ibada ya jioni ya nyimbo, ambayo haina malipo, mradi akumbuke kwamba amekwenda ibadani na si kutembea huku na huku. Ngazi za mnara wa kati ni 275. Magoti yetu yalizikataa, nami sikuona hasara, kwa kuwa tayari nilikuwa nimeuona mji kutoka ukutani.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa katika Yorkshire Museum, makumbusho iliyomo ndani ya bustani karibu na mto Ouse. Mwaka 1901 lilifukuliwa mjini humo jeneza la jiwe la mwanamke wa karne ya 4, aliyezikwa na bangili za pembe za ndovu na nyingine za jiwe jeusi, kioo cha kujitazamia na chupa ya bluu. Uchunguzi wa mifupa yake uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba huenda asili yake, au ya wazazi wake, ni Afrika Kaskazini. Pamoja naye palikuwa na kipande chembamba chenye maandishi ya Kilatini yanayosema, kwa Kiswahili changu, “Salamu, dada, uishi katika Mungu.” Mama mdogo alisimama mbele ya zile bangili kwa muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya kitu kingine chochote York. Alizitazama, akatazama mkono wake mwenyewe, akasema, “Huyu alikuwa na wanaompenda.” Wala hakuwa Mwafrika wa kwanza kufia mjini humo: Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, aliugua na kufariki York mwaka 211.

Shambles, mtaa wa zamani wa wauza nyama ambao nyumba zake za mbao zimeinamiana mpaka karibu zigusane, uende kabla ya saa tatu asubuhi au jioni maduka yakishafungwa. Utaona kulabu za kutundikia nyama na vibao vipana chini ya madirisha vilivyokuwa vikiuziwa. Mchana huoni kitu. Jumba la makumbusho ya reli halina kiingilio, na wapenda treni wataikuta Mallard, injini ya mvuke iliyokimbia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938. Mimi si mmoja wao, kwa hiyo nilipita tu.

Clifford’s Tower, mnara wa mawe juu ya kilima kilichochongoka, unahitaji tahadhari ya aina nyingine. Mwezi wa Machi mwaka 1190 Wayahudi wa York wapatao 150 walikimbilia mnara wa mbao uliokuwa hapo, wakazingirwa na umati wa watu wa mji, na wengi wao wakajiua pamoja na jamaa zao kuliko kuanguka mikononi mwa waliokuwa wakiwasubiri nje. Waliotoka kwa ahadi ya usalama waliuawa. Chini ya kilima kuna kibao cha kumbukumbu. Kisome kwanza, kisha uamue mwenyewe kama utapiga zile picha za kuchekacheka.

Kuhusu nauli na malazi, nina machache ya kusema. Treni kutoka London huchukua saa mbili hivi, na tiketi iliyonunuliwa wiki kadhaa kabla huwa na bei ya chini sana kuliko ya siku ile ile, lakini nyingi za namna hiyo zimefungwa kwenye treni moja tu. Niliwahi kuchelewa dakika nne na ikanibidi ninunue tiketi mpya kwa bei iliyoniuma. Epuka wiki ya mbio za farasi za Agosti na wikendi za soko la Krismasi, kwa maana vyumba hupanda bei na njia hazipitiki. Ukiweza, lala usiku mmoja. Wageni wengi huondoka na treni za jioni, na mji unabaki kwa waliolala.

Kipande cha ukuta kati ya Micklegate Bar na daraja la Lendal kiache mwisho, kwa kuwa kinapita mkabala na stesheni. Tulikipanda jua likishuka, na kutoka pale Minster ilionekana nzima mbele yetu, imegeuka rangi ya asali. Treni yetu ilikuwa imebakiza dakika ishirini na tano. Mama mdogo alikaa ukingoni, akavua kiatu kimoja, akasema twende tu, ila yeye kwanza amalize kuangalia.