Kulinda Uwashaji wa Kifaa

SWALI: Ndugu Mhariri, tunaunda mita za maji zenye chipu ya ESP32. Tutamzuiaje mtu asiingize programu yake?

JIBU: Ndugu msomaji, chagueni chipu ya toleo la 3, ambayo kila inapowashwa huweza kukagua saini ya kidijitali ya programu (aina ya RSA, ya biti 3072), ikilinganisha ufunguo wa wazi, unaothibitisha saini hiyo, na alama yake ya SHA-256, yaani muhtasari wake wa kihisabati, iliyochomwa ndani ya chipu, mahali pasipofutika; saini isipokubalika, programu haianzi. Yaepukeni matoleo ya awali, kwani ulinzi wake ulivunjwa mwaka 2019 kwa kuyumbisha umeme wa chipu. Nasisitiza sana utunzaji wa ufunguo wa siri, mnaoutumia kutia saini programu: chipu hii hubeba alama ya ufunguo mmoja tu, hivyo ule wa siri ukivuja hamtaweza kuubatilisha, na ukipotea, mita zilizokwisha kufungwa majumbani hazitapokea programu mpya kamwe.