Ununue bodi mpya (kamera yenyewe, bila lenzi) au lenzi?

Lenzi kwanza, ndugu. Kwa kamera kama yako, Canon 700D yenye lenzi yake ya kuvuta ya milimita 18-55, inayopiga harusi za usiku, tatizo ni mwanga, wala si bodi. Ukivuta hadi 55 tundu la mwanga la lenzi hiyo linaishia f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Chukua 50mm f/1.8 STM: inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, kwa hiyo pale ulipolazimika kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 6400 unaweza kushuka hadi 640 hivi, kwa spidi ileile ya shata. Zile chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa kwenye shela la bibi harusi zinapungua sana, na taa za ukumbi nyuma yake zinayeyuka kuwa miduara laini. Nimepiga kumbi zenye giza miaka kadhaa kwa lenzi hiyo kwenye bodi ya zamani, na wateja walikuwa wakizichagua picha zake kwanza.

Ila ujue, kwenye bodi hiyo 50mm inaona kama 80mm, yaani eneo dogo zaidi, kwa hiyo picha ya ukoo mzima jukwaani bado utaipiga kwa 18-55 na flashi. Na kwa f/1.8 lenga jicho lenyewe; ukilenga pua, kope zinatoka na ukungu.

Kama ungekuwa unapiga mpira au ndege wanaoruka ningekuambia bodi, maana 700D ina pointi 9 tu za kufokasi (kulenga ili picha iwe kali). Baadaye ukihamia kamera za Canon EOS R zisizo na kioo ndani, lenzi hii utaenda nayo, unahitaji adapta tu.