Kompyuta pepe inapokosa saa

QEMU (programu ya kuendesha kompyuta pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) ya zamani kwenye Linux inalalamika kwamba imeshindwa kuiweka /dev/rtc, faili ya saa ya kompyuta, kwenye 1024 Hz. Je, saa ya kompyuta imekufa?

Haijafa. Kerneli, kiini cha Linux, humruhusu mtumiaji wa kawaida mapigo 64 tu kwa sekunde, na programu inaomba 1024. Ukiwa root (msimamizi wa mfumo), andika `echo 1024 > /proc/sys/dev/rtc/max-user-freq`. Ukizima kompyuta, badiliko hilo hupotea. Mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya kompyuta pepe, atawaka hata bila hilo, ila saa yake haitakuwa sahihi sana. Dawa bora ni kusasisha, kwa kuwa QEMU za sasa haziitegemei tena /dev/rtc kwa mapigo.

Nikiambiwa kifaa hicho kinatumika tayari?

Ni programu moja tu inayoweza kukifungua kwa wakati mmoja. `fuser -v /dev/rtc0` itakuonyesha anayekishikilia. Mara nyingi ni kompyuta pepe nyingine uliyoisahau.

Linux ndani ya VirtualBox (programu nyingine ya kompyuta pepe) hukwama ikiwaka: "IO-APIC + timer doesn't work!" Lakini si kila mara.

Hilo la "si kila mara" ndilo linalotoa siri. Kerneli ya mgeni husubiri muda wa mapigo 10, kisha hukagua kama yamefika zaidi ya 4. Mwenyeji, yaani kompyuta halisi inayombeba mgeni, akielemewa, huchelewa kuyapeleka, na mgeni huamua kwamba saa ni mbovu wakati saa haina kosa lolote.

Kwanza mpunguzie mwenyeji mzigo, na usimpe mgeni prosesa nyingi kuliko alizonazo mwenyeji. Kisha mzime mgeni kabisa na uandike `VBoxManage modifyvm "jina" --paravirtprovider kvm`. Kerneli ikidhani iko juu ya KVM (mfumo wa kompyuta pepe wa Linux yenyewe), huuruka ukaguzi huo. Ikigoma bado, kwenye menyu ya GRUB (programu inayoiwasha Linux) bonyeza `e`, ongeza `no_timer_check` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha Ctrl-X.

Ujumbe wenyewe hupendekeza `noapic`. Sisi tungeiacha iwe ya mwisho kabisa: inazima IO-APIC yote (sehemu inayopeleka ishara za vifaa kwa prosesa), na mgeni mwenye prosesa zaidi ya moja anaihitaji.

Mgeni anawaka vizuri, ila saa yake haiendi sawa.

Soma `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource` ndani ya mgeni. Kwenye KVM unataka kuona `kvm-clock`. Ukikuta `acpi_pm` au `hpet`, angalia `available_clocksource` iliyo kando yake. Kama `kvm-clock` imo, iandike kwa `echo` ndani ya `current_clocksource`.