Barua kwa mwanangu: kazi ya mikono mingi ni ya nani?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Kibuye, Kisumu. Sisi wazima, na mama yako anakusalimu sana.

Swali lako halifai kujibiwa kwa simu. Unasema umepewa ukuta mzima wa kuonyesha kazi yako, na lile pazia la vipande vya mitumba ulilolibuni haliwezi kukamilika kwa mikono yako peke yako. Umepata wanawake hapo Kaptembwo, Nakuru, wanaojua cherehani. Sasa unaniuliza: wakishona wao, kazi itabaki yako, au utakuwa umejipamba kwa jasho la wengine?

Itabaki yako, mradi ujue ni sehemu gani usiyoweza kumpa mtu.

Kwangu mimi fundi wa suti, sehemu hiyo ni mkasi. Vijana wangu wanaunga mabega, wanapinda, wanatia vifungo, na mmoja wao ana mkono safi kuliko wangu. Lakini kitambaa cha mteja nakikata mwenyewe, kwa sababu kikishakatwa hakirudi, na lawama zikija zitanikuta mimi. Wewe si fundi wa suti, kwa hiyo usichukue mkasi wangu ukadhani ndio wako. Tafuta mahali ambapo kazi yako wewe inaamuliwa.

Zile picha za kazi za msanii El Anatsui ulizonitumia zimenifanya nisome habari zake. Mghana huyu alizaliwa 1944, na mwaka 1975 akahamia Nsukka, Nigeria, kufundisha chuo kikuu. Vifuniko vya chupa za pombe hutobolewa, hukunjwa na kuungwa kwa waya wa shaba, na kazi hiyo hufanywa na wasaidizi wengi. Vipande vikishaungwa hutandazwa sakafuni. Hapo ndipo yeye anapoingia: anavizunguka, anapiga picha, anataka hiki kihamishwe, kile kigeuzwe, mpaka aridhike. Tena wanaokwenda kuitundika anawaachia wachague wenyewe mikunjo ikae vipi, hata kazi ileile ikaonekana tofauti kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote. Mikono ni mingi, na bado huwezi kukosea kuwa ni kazi yake.

Sasa mtazame mama yetu Rosemary Karuga, msanii wa hapa Kenya. Alisomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafundisha shule miaka mingi, na alipokaribia umri wa miaka 60 akaanza kutengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi za unga na za sabuni. Kazi kama ile humpi msaidizi. Kila kipande ni uamuzi: rangi hii ikae begani au kwenye kivuli? Ukimwajiri mtu akubandikie, umemwajiri awe msanii badala yako.

Wewe uko katikati ya hao wawili. Nimeitazama sana ile kazi yako ya leso na jinzi kuukuu. Mshono wake angeweza kuupiga fundi yeyote mzuri. Lakini ile leso nyekundu kukaa pembeni ya jinzi iliyopauka magotini, hapo nilikuona wewe. Kuchagua na kupanga usimpe mtu, hata ukichoka, hata siku zikikubana. Kuunga wape.

Ila ukiwapa, usiwafiche. Zamani KICOMI, kile kiwanda cha nguo za pamba, ilipokuwa ikifuma hapa Kisumu, vitambaa vilitoka mita kwa mita bila kujulikana ni nani aliyesimama kwenye mtambo, na kiwandani hakuna aliyelishangaa hilo. Ukutani ni pengine. Msanii Acaye Kerunen wa Uganda anafanya kazi na wanawake wasukaji wa kwao, halafu anachukua walichosuka kwa ukindu na nyuzi za migomba na kukiunga upya kwa namna yake. Mwaka 2022 Uganda ilipoingia Venice na ukumbi wake kwa mara ya kwanza, yeye na Collin Sekajugo ndio walioiwakilisha, na wakatajwa kwa heshima na majaji. Anapoeleza kazi yake anawaeleza na wale wanawake. Faith Ringgold, msanii wa Harlem, New York, naye alishona blanketi lake la kwanza la vipande mwaka 1980 pamoja na mama yake, Willi Posey, mbunifu wa mavazi, na mama huyo anatajwa pamoja naye. Kwa hiyo majina ya hao wanawake yaandikwe ukutani, yote, kwa herufi zinazosomeka. Waulize kwanza wanataka yaandikwe vipi.

Kuhusu malipo, wengi watakushauri ulipe kwa kipande. Mimi nakukataza. Fundi anayelipwa kwa kipande anakimbia, na mshono uliopinda anauficha ndani. Lipa kwa siku. Na ukibadili mawazo wakalazimika kufumua, siku ile ya kufumua ni gharama yako.

Kuna jambo ambalo wasanii hulisahau kwa kuangalia rangi tu. Pazia lina uzito. Pamba ambayo haijafuliwa itakuja kuruka na kufupika, poliesta ibaki ilivyo, na mshono kati yao ukunjamane. Fua kila kitu kabla ya kukata. Kitambaa cha fulana kinavutika kikining'inizwa, kwa hiyo kikae chini, au ukitie bitana. Juu shona mkunjo wa kupitisha bomba, upana wote, usitegemee misumari.

Halafu kila cherehani ina mkazo wake wa uzi, na kila fundi ana mkono wake. Ukitaka pazia zima lilale sawa, itabidi uwalinganishe. Mimi ningewaacha watofautiane kidogo, mtu akisogea aone kwamba hapa mkono umebadilika. Lakini hilo ni lako kuamua, sikuingilii.

Mpe kila mmoja aunge jinzi na leso, kipande cha urefu wa mkono, kisha nitumie vyote kwa gari la Kisumu vikiwa na majina. Nitavining'iniza hapa kibandani wiki nzima, nikuambie ni cherehani ya nani inayohitaji kurekebishwa kabla hamjaanza.

Baba yako